Kizunguzungu, Kuzimia na Hatari ya Kujizimisha kwa Makusudi

Jua limekwisha kupanda, na risala ndiyo kwanza imefika ukurasa wa pili. Mwanafunzi wa mstari wa nyuma huanza kuyumba. Uso humpauka, jasho jembamba humtoka juu ya mdomo, kisha huanguka kama gunia. Wenzake hupiga kelele; wawili humshika makwapa na kumsimamisha, wa tatu huja mbio na kopo la maji na kumtilia kinywani, na mtu mzima mmoja huuliza kama mtoto huyo ana kifafa. Mara nyingi, kabla dakika haijaisha, mwanafunzi hufumbua macho na kuuliza kumetokea nini.

Ni nadra kumpata mkazi aliyewahi kuhudhuria sherehe ndefu asiyeijua picha hiyo. Lakini katika dakika hiyo moja hufanyika makosa mawili yanayoweza kumdhuru mtoto kuliko kuanguka kwenyewe: kumsimamisha, na kumnywesha maji akiwa hajitambui. Yote mawili hutokana na huruma isiyo na maarifa. Somo la toleo hili linaeleza kinachotokea mwilini mtu anapozimia, sababu zinazowaangusha watu wa rika mbalimbali, na jambo ambalo wazazi wengi hulisikia likiwa limekwisha kuleta msiba: vijana wanaojizimisha wenyewe kwa mchezo.

Neno moja, hali mbili

Katika mazungumzo ya kila siku, neno kizunguzungu hubeba hali mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya mtu kuona nyumba na miti vinamzunguka, au kujihisi yeye mwenyewe anazunguka ilhali amekaa. Hiyo aghalabu hutoka katika sikio la ndani, penye mirija midogo yenye majimaji inayoupa mwili habari za usawa wake. Mgonjwa hutapika, hushika ukuta, huogopa kugeuza kichwa, lakini fahamu zake ni timamu. Ya pili ni ya kichwa kuwa chepesi, macho kuingiwa na kiza, masikio kuvuma na magoti kulegea. Hii ya pili ndiyo jirani wa kuzimia, na ndiyo inayozungumzwa hapa.

Tofauti hiyo si ya wanazuoni tu. Anayefika zahanati akasema “nina kizunguzungu” na kunyamaza humwachia tabibu kazi ya kubahatisha. Anayesema “nikisimama, macho yanaingia giza” amekwisha kumpa nusu ya jibu.

Kiungo kisicho na akiba

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, yaani takribani asilimia 2 ya mwili wote, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni ambayo mwili huihitaji ukiwa umepumzika. Misuli huweza kufanya kazi kwa muda kwa akiba yake. Ubongo hauna akiba ya maana. Damu ikikoma kuufikia kwa sekunde 6 hadi 10, fahamu hupotea. Ikikoma kwa dakika 4 au 5, chembe zake huanza kufa, na hasara hiyo hairudishwi na dawa yoyote.

Shida ya binadamu ni kwamba husimama, na ubongo wake uko juu ya moyo. Mtu anyanyukapo kitandani, nusu lita ya damu au zaidi huteremka miguuni na tumboni. Katika mishipa mikubwa ya shingo, na katika mshipa mkuu unaotoka moyoni, mna vipima-shinikizo vya maumbile vinavyoupasha ubongo habari hiyo papo hapo; nao huuamuru moyo uende mbio na mishipa ya miguu ijikaze ili damu ipande. Yote hayo hutimia kabla mtu hajavaa ndala zake, wala yeye hajui kwamba yametimia.

Amri hiyo ikichelewa, au damu yenyewe ikiwa haba, au moyo ukishindwa kusukuma, kiza huingia machoni. Hapo mwili hufanya jambo la busara: huanguka. Aliyelala chini ana kichwa na moyo katika usawa mmoja. Damu haihitaji tena kupanda mlima, na fahamu hurudi. Kuanguka, pamoja na hatari zake zote za kujigonga, ndiyo tiba ya kwanza ambayo mwili hujipa wenyewe. Anayemsimamisha aliyezimia humnyang’anya tiba hiyo mkononi.

Yanayowaangusha watu

Kuzimia kwa kawaida kuliko kote, hasa kwa vijana, husababishwa na mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaoteremka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni. Mshipa huo ukichochewa kupita kiasi, moyo hupunguza mapigo ghafla na mishipa ya damu hulegea kwa wakati mmoja. Vichocheo vyake vinajulikana: kuona damu, sindano, maumivu makali, hofu, habari ya msiba, chumba chenye joto na watu wengi, na kusimama muda mrefu bila kujongea. Kabla ya kuanguka mtu hupiga miayo, hutokwa na jasho la baridi, husikia kichefuchefu, na huona kana kwamba anatazama ndani ya bomba. Dalili hizo humpa sekunde kadhaa za kujiokoa, iwapo atakubali kuketi au kulala bila kuona haya. Wengi huona haya, na huanguka wakiwa njiani kwenda kutafuta mahali pa faragha.

Kusimama mstarini kuna siri yake. Misuli ya vigimbi vya miguu ndiyo pampu inayoirudisha damu juu, nayo hufanya kazi mtu anapotembea au anapojongeza miguu. Anayeambiwa asimame kama mlingoti, magoti yakiwa yamekazwa, ameizima pampu yake. Akiwa pia hakunywa chai asubuhi na jua ni kali, kuanguka kwake ni jambo la kutarajiwa. Mwanafunzi, askari wa mgambo au mwanakwaya anaweza kujikinga kwa kuchezesha vidole ndani ya viatu na kukaza mapaja na kuyalegeza mara kwa mara. Aliyeanza kuona kiza anaweza kukutanisha miguu kwa kuipishanisha na kukaza mapaja na matako kwa nguvu, huku akikunja ngumi. Mara nyingi hilo hurudisha damu juu kwa muda wa kutosha kumwezesha kuketi salama. Nao waandaaji wa sherehe hawapungukiwi na kitu wakiweka turubai, maji ya kunywa na risala fupi.

Aliyezimia huweza kutikisika mikono na miguu, na hapo ndipo neno kifafa hutamkwa haraka mno. Mwaka 1994, daktari Thomas Lempert na wenzake nchini Ujerumani walichapisha uchunguzi wa vijana 42 wenye afya njema waliozimia kabisa mbele ya kamera, chini ya uangalizi wa kitabibu. Karibu asilimia 90 kati yao walitikisika viungo, na kwa wastani fahamu ziliwapotea kwa sekunde 12 tu. Hakuna aliyekuwa na kifafa. Mshtuko wa kifafa kwa kawaida huchukua dakika moja au zaidi, mgonjwa huweza kujiuma ubavuni mwa ulimi, na akiamka hubaki amechanganyikiwa kwa muda. Aliyezimia huamka akijua jina lake na mahali alipo. Mtoto aliyebandikwa jina la kifafa bila uchunguzi huweza kuachishwa masomo au kutengwa na wenzake kwa ugonjwa ambao hana.

Kwa wazee mambo ni mengine. Umri huvichosha vile vipima-shinikizo, na dawa za shinikizo la damu, hasa zile za kuongeza mkojo, huweza kuzidisha hali hiyo. Saa ya hatari ni usiku wa manane, mzee anapoamka kwa haraka kwenda haja ndogo. Ametoka kitandani ghafla, mwili una joto, na kule kukojoa akiwa amesimama hushusha shinikizo zaidi. Wengi waliovunjika nyonga wameokotwa kati ya kitanda na mlango wa choo. Mzee akae kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja, achezeshe miguu, ndipo asimame. Na akojoe akiwa amekaa, hata kama kwa mwanamume jambo hilo laonekana geni. Asiache dawa zake kwa uamuzi wake mwenyewe. Aende kupimwa.

Kwa wanawake na watoto, upungufu wa damu ni sababu isiyopaswa kusahauliwa. Malaria, minyoo ya safura, hedhi nyingi, uzazi wa mfululizo na mlo usio na madini ya chuma huifanya damu kuwa dhaifu wa kubeba oksijeni, hata kama shinikizo ni la kawaida. Mjamzito naye, mimba ikiwa kubwa, akilala chali hubanwa mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni na kuona kiza. Alale kwa ubavu, hasa wa kushoto. Lakini mwanamke aliyepitisha siku zake, mwenye maumivu ya tumbo la chini, kisha akazimia, huenda ana mimba iliyotunga nje ya kizazi na anavuja damu ndani kwa ndani. Huyo hangojewi hadi asubuhi.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari huweza kuzimia sukari ikishuka mno, na atangulie kuzungumza na tabibu kabla ya kuingia katika Ramadhani au Kwaresima. Mwenye kuhara na kutapika huzimia kwa kukosa maji. Mwenye kidonda cha tumbo anayepata kinyesi cheusi kama lami huzimia kwa sababu damu inavuja asikoiona.

Kuna sababu moja inayotisha kuliko hizo zote, nayo ni moyo. Anayezimia akiwa anakimbia au anacheza mpira, anayezimia akiwa amelala, anayehisi moyo ukienda mbio au kifua kikimbana kabla ya kuanguka, au ambaye katika ukoo wake yuko kijana aliyekufa ghafla bila ugonjwa unaojulikana, hana budi kupelekwa hospitali hata kama ameamka na kusema amepona. Kuzimia baada ya mbio, mtu akiwa amesimama kupumzika, mara nyingi si kitu. Kuzimia katikati ya mbio ni jambo jingine kabisa. Mwalimu wa michezo aijue tofauti hiyo.

Mkaa ndani, shimo nje

Katika msimu wa baridi na mvua, baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga madirisha na kulala. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu iliyozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na kuzifanya zisiwe na nafasi ya kubeba kitu kingine. Kwanza kichwa huuma, kisha huwa chepesi, kisha usingizi mzito hushuka. Hapa ile tiba ya mwili haifanyi kazi: aliyelala chini hubaki ndani ya sumu ileile. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kuona kizunguzungu asubuhi moja, watoke nje wote kabla ya kuulizana walikula nini.

Visima na mashimo ya vyoo nayo huweza kujaa hewa mbovu au kukosa oksijeni. Mchimbaji huzimia chini, mwenzake hushuka kumwokoa naye huanguka juu yake, na wa tatu hufuata. Hakuna ushujaa unaosaidia mahali pasipo na hewa. Kila anayeshuka afungwe kamba inayoshikwa na watu walio juu, na wanaookoa wavute badala ya kushuka.

Wasichana wanapoanguka pamoja

Hutokea pia shuleni kwamba mmoja akianguka, wa pili na wa kumi hufuata. Tukio la aina hii linalotajwa zaidi katika vitabu vya tiba duniani lilitokea hapahapa, wakati huo nchi ikiitwa Tanganyika. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walishikwa na kicheko kilichochanganyika na kilio, wasiweze kukizuia. Hatimaye wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari zake mwaka uliofuata, hawakupata sumu wala kijidudu cha kuelezea hali hiyo.

Walio katika hali kama hiyo hawajifanyi. Mwili wa mtu mwenye hofu hupumua harakaharaka, mikono hufa ganzi, kichwa huwa chepesi, na kumwona mwenzako akianguka huongeza hofu hiyo. Wakutanishwe na watazamaji, huzidi. Watenganishwe kwa utulivu, wapelekwe mahali tofauti penye kivuli na kusemeshwa kwa sauti ya chini, hupoa. Familia inaweza kuomba dua au sala kwa imani yake, na hakuna anayeizuia. Isipokuwa mtoto asifungwe, asifukizwe moshi, asipigwe, na asicheleweshwe kupimwa malaria na wingi wa damu.

Kujizimisha kwa makusudi

Wengine hawaangushwi na ugonjwa wala hofu. Ni vijana wanaoutafuta ule wepesi wa kichwa kwa kujinyima hewa au kuzuia damu isifike kwenye ubongo, peke yao au wakisaidiana. Namna za kufanya hivyo hazielezwi hapa, kwa sababu anayetaka kuuzuia mchezo hahitaji kujua kuucheza. Wanaoingia humo mara nyingi si watoto watundu. Ni wanafunzi wazuri, wasiogusa pombe wala bangi, ambao wameambiwa na wenzao au wameona katika simu kwamba raha hii haina gharama wala harufu ya kumfichulia mtu kwa mama yake. Wanachokiita raha ni chembe za ubongo zikikosa oksijeni, na joto linalofuata ni damu ikirudi zilipo chembe zilizokuwa zikisongwa.

Nchini Marekani, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kilichapisha taarifa mwezi Februari 2008 kuhusu vifo vya watoto na vijana vilivyoelekea kusababishwa na mchezo huu kati ya mwaka 1995 na 2007. Vilikuwa 82. Waliokufa walikuwa na umri wa miaka 6 hadi 19, wengi wakiwa na miaka 11 hadi 16, na asilimia 87 walikuwa wavulana. Pale ambapo habari zilipatikana, karibu wote, asilimia 96, walikuwa peke yao. Na katika vifo ambavyo wazazi waliulizwa, zaidi ya tisa kati ya kila kumi hawakuwahi kuusikia mchezo huo hadi siku waliyomkuta mtoto wao. Baadaye, katika jimbo la Oregon, wanafunzi wa darasa la nane waliulizwa mwaka 2008 kama wamewahi kushiriki, na asilimia 5.7 walikiri. Tarakimu hizo ni za kwao, lakini shingo ya mtoto ni ileile kila mahali, na simu zinazobeba video hizo zimo mifukoni mwa vijana wa kata zote.

Hatari yake yaeleweka kwa yule aliyefuata maelezo ya mwanzo. Aliyezimia mstarini anaokolewa na kuanguka kwake. Aliyejizimisha huku kitu kikiwa shingoni ameiondoa njia hiyo. Fahamu humtoka kabla mkono haujapata kulegeza kitu. Anapolegea, uzito wake mwenyewe huendelea kumbana, na zile dakika 4 au 5 huanza kuhesabiwa chumbani asimokuwemo mtu. Kijana hudhani ataacha akiona mambo yanazidi. Hakuna kuona: sehemu ya ubongo inayoamua kuacha ndiyo inayozimika kwanza.

Kuwa na wenzake si kinga. Shingoni, kama ilivyoelezwa, ndipo vilipo vipima-shinikizo. Vikibanwa kwa nguvu, moyo huweza kupunguza mapigo ghafla au hata kusimama. Aliyesimama akazimia huanguka bila kunyoosha mikono, na sakafu ya saruji haina huruma kwa fuvu wala meno. Anayefanya mara kwa mara huupa ubongo jeraha dogo juu ya jeraha dogo, na huenda akapata mitukutiko ya kifafa. Rafiki aliyekuwa akicheka pembeni naye hubaki na picha ambayo hatairudisha alikoitoa.

Ndugu wa mchezo huu uko majini. Watoto wa mwambao, wa kandokando ya ziwa na wa mitoni hushindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu zaidi, na wako wanaopumua harakaharaka mara nyingi kabla ya kuzama, wakidhani wanajaza hewa kifuani. Kwa hakika oksijeni haiongezeki kwa kiasi cha maana. Kinachopungua ni hewa ukaa, na hiyo ndiyo humlazimisha mtu kuvuta pumzi. Kwa maneno mengine, mtoto amekizima king’ora ilhali moto unawaka. Oksijeni huisha kimyakimya, huzimia bila kuhisi shida yoyote, na pumzi inayofuata huwa ya maji. Hodari wa kuogelea ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa ndiye anayethubutu. Mashindano hayo yakomeshwe, na wavuvi wazamiaji wawafundishe vijana wao kwamba asiyeibuka kwa wakati wake hangojewi.

Zipo alama ambazo mzazi, mlezi wa bweni au mwalimu anaweza kuziona: macho mekundu au yenye vitone vya damu, michirizi au wekundu shingoni, kijana kufunga kola au kujitanda kitambaa wakati wa joto, kuumwa kichwa mara kwa mara, kutoka chumbani akiwa amechanganyikiwa, kishindo cha kitu kinachoanguka nyuma ya mlango uliofungwa, na mikanda au kamba zilizofungwa mahali pasipo na sababu. Alama hizo huweza pia kuwa za mtoto aliyekata tamaa na anayetaka kujiua, na mwenye kutazama kwa nje hawezi kuzitofautisha. Kwa hiyo aulizwe kwa upole na kwa uwazi, faraghani, tena na mtu anayemwamini. Kumuuliza mtoto kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Viboko havitibu jambo hili. Aliyechapwa hujifunza kufunga mlango vizuri zaidi, na mlango uliofungwa ndio unaoua. Mazungumzo yanayofaa ni mafupi, yasiyo na vitisho: mwambie mtoto kinachotokea katika ubongo, mwambie kwamba anayezimia hawezi kujifungua, kisha muulize amesikia nini kwa wenzake. Shuleni, jambo hili lafaa kuzungumzwa darasani pamoja na somo la mzunguko wa damu, bila kuonyesha namna.

Mtu akianguka

Mlaze chali palepale alipo, kama mahali ni salama. Inua miguu yake kiasi cha sentimita 30, juu ya begi, kiti kilicholazwa au bega la mtu. Legeza tai, mkanda, ushungi au kitenge kilichombana. Watazamaji warudi nyuma. Usimmwagie maji, usimtie kitu kinywani, usimpige makofi, usimnusishe kitunguu. Mjamzito alazwe kwa ubavu wa kushoto. Hali kadhalika anayetapika alazwe kwa ubavu. Akiamka abaki amelala kwa dakika kumi hivi, kisha akae, ndipo asimame. Aliyeinuliwa haraka huanguka tena, na mara ya pili ndiyo inayovunja meno.

Asipoamka ndani ya dakika moja, si kuzimia kwa kawaida tena. Tazama kifua. Kama hapumui, au anakoroma kwa vipindi kama samaki aliye nchi kavu, anza kukandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta usafiri. Aliyekutwa amebanwa shingoni afunguliwe kwanza, akiinuliwa ili uzito umtoke. Aliyetolewa majini hapinduliwi kichwa chini wala kuzungushwa. Hupuliziwa pumzi mdomoni na kukandamizwa kifua.

Jambo moja linahitaji kusemwa waziwazi kuhusu usafiri. Kumbeba mtu asiyejitambua kwa mtindo wa mshikaki, akiwa ameketishwa kati ya dereva wa bodaboda na ndugu anayemshika, ni kumsimamisha kwa njia nyingine. Kichwa huning’inia, njia ya hewa huziba, na damu hubaki miguuni. Bajaji, gari la jirani, hata mkokoteni ambao mgonjwa analazwa ni afadhali.

Zahanati inavyoweza kusaidia

Vipimo vingi vya mwanzo havihitaji hospitali kubwa. Zahanati huweza kupima shinikizo la damu, malaria, na, palipo na vifaa, wingi wa damu, sukari na ujauzito. Mkazi anayeona kiza anaposimama aombe apimwe shinikizo mara mbili: kwanza akiwa amelala kwa dakika tano, kisha akiwa amesimama kwa dakika tatu. Tarakimu ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, sababu imepatikana, na mara nyingi hurekebishwa kwa maji, chakula au kubadilishiwa dawa. Kipimo hicho hakihitaji kifaa kingine zaidi ya kilekile cha kila siku, ila lazima mtu akikumbuke. Anayeshukiwa moyo huandikiwa rufaa ya kwenda kupimwa umeme wa moyo hospitalini.

Aende na dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba, ndani ya mfuko mmoja. Na aandamane na mtu aliyemwona akianguka, hata kama mtu huyo ni mtoto wa darasa la tatu, kwa kuwa mgonjwa hukumbuka mwanzo tu. Rangi ya uso, kutikisika kwa viungo na muda aliolala chini anavijua shahidi.